King'ora cha Ng'ambo

Maiti ilikuwa imelala kifudifudi ndani ya handaki, kofia ya kijeshi imedondoka pembeni, mikono imekumbatia udongo.

“Huyu bwana mbona amelala?” mama aliuliza. “Si yeye mwenyewe aliyetuambia tuwahi?”

Inspekta alimshika mama yake kiwiko, akamrudisha nyuma taratibu, akamketisha kwenye benchi la wageni. Kisha akashuka handakini na kugusa shingo ya yule mtu. Mapigo hakuna. Kisogoni palikuwa na jeraha moja tu, lakini baya, na damu yake ilikuwa ndiyo kwanza inaganda.

Jamani, likizo gani hii! Kwa miaka alikuwa akimwahidi mama yake safari hii na kuiahirisha, leo kesi, kesho semina. Hatimaye amemleta kwenye mji huu wa kando ya mto, mji mkimya kupita kiasi, ambao hakuna ambaye angeujua kama si vile vita. Majeshi mawili yaligombania kivuko hapa, na waliokufa walizikwa papo hapo, ng'ambo ya mto, mkabala na mji, karibu na mahandaki yao. Babu mzaa mama wa inspekta alikuwa mmoja wao. Mama alikuwa bado tumboni. Hakuwahi kumwona baba yake hata kwa picha.

Sasa alikuwa amekuja kumchukua. Kibali cha kufukua mifupa kilikuwa mkobani, na kule nyumbani shimo lilishachimbwa kando ya kaburi la bibi. “Nikimlaza pale na mkewe,” mama alikuwa akisema njia nzima, “hata nikifa kesho yake, nakwenda zangu nikicheka.”

Jana yake mambo yalikwenda kama yamepakwa mafuta. Mtunza makaburi, mzee mmoja mpole ambaye mji mzima ulimwita Bwana Maua kwa jinsi alivyoyatunza maua ya pale, aliuliza jina la marehemu, akawaambia wapumzike kwanza, wanywe maji. Baadaye akawaongoza hadi kwenye kaburi lenye kibao cheupe. Jina la babu lilikuwa pale, herufi nyeusi, limeandikwa vizuri. Mama alilia mpaka sauti ikamkauka.

Jioni, pale nyumba ya wageni, akatokea mwongoza wageni. Huyo aliitwa na wote Komandoo, ingawa hajawahi kushika bunduki maishani mwake. Ni ile kofia tu, na domo.

Lakini jana domo lilikuwa limepoa. “Mama, kesho pandeni kivuko cha kwanza,” alisema. “Mtanikuta kwenye mahandaki. Msichimbe kabla hatujaonana.”

“Kuna nini?” inspekta aliuliza.

“Kesho, bwana. Nitakuonyesha kwa macho. Nikikueleza hapa utaniona mwehu.”

Inspekta alimwona mwehu hivyo hivyo. Alidhani ni wale wale, wenye kutafuta cha kujipatia kwa wageni. Sasa mtu mwenyewe ndiye huyu, hasemi tena.

* * *

Mkuu wa kituo alifika akihema, kitambi kikiwa kimemtangulia.

“Afande, afadhali wewe upo,” alisema. “Mimi kesi zangu hapa ni kuku na mipaka ya mashamba. Mauaji sijayaona tangu nihamishiwe.”

“Niko likizo.”

“Najua. Lakini makao makuu wamesema uishike. Nimeshawapigia.”

Inspekta alimtazama kwa jicho ambalo si la shukrani. Halafu akaanza kazi. Eneo la tukio likafungwa kwa utepe, picha zikapigwa, udongo ukakaguliwa. Nyayo zilikuwa tele, za wageni wa wiki nzima.

Daktari wa hospitali ya mji aliuchunguza mwili mchana. “Pigo moja, kutoka nyuma,” alisema. “Kitu kizito, butu. Amekufa alfajiri. Na tazama hizi.” Kwenye karatasi ya kuchujia palikuwa na chembe nyeupe. “Nimezitoa ndani ya jeraha. Rangi, nadhani.”

“Unadhani, au unajua?”

“Nadhani, afande. Nipe muda.”

“Alivukaje alfajiri na kivuko kilikuwa hakijaanza?” inspekta alimgeukia mkuu wa kituo.

“Ana mtumbwi wake.”

“Uko wapi? Kule ng'ambo sikuuona.”

Waliutafuta. Ukaonekana baadaye umefichwa kwenye matete, upande wa mjini. Inspekta akasimama pale ukingoni akiutazama, na moyo wake wa kipolisi ukaanza kumwasha. Maiti ilikuwa upande ule, mtumbwi wake upande huu. Kwa hiyo muuaji alikuwa ng'ambo kabla ya mapambazuko, akaua, kisha akarudi na mtumbwi wa marehemu. Sasa hivi yumo mjini, anasalimia watu.

Ukimya wa mji ule, ambao jana mama aliusifu, leo ulimtia inspekta mashaka. Madirisha yalifungwa nusu alipopita. Kinyozi alinyamaza katikati ya hadithi. Muuza magazeti alimwambia “pole kwa kazi” kabla hajaulizwa lolote. Hata hilo alilitilia shaka.

* * *

Wa kwanza kuhojiwa alikuwa nahodha wa kivuko, mtu mrefu mwenye uso wa kununa tangu kuzaliwa. Jina lake la mjini lilikuwa Kisirani, naye alikuwa analiitikia.

“Uligombana na marehemu.”

“Nani hajui? Alikuwa ananiibia abiria na ule mtumbwi wake.”

“Ulimtishia.”

“Nilimwambia nitamvunja kiuno. Kiuno, afande, si kichwa. Ulizia.”

“Alfajiri ulikuwa wapi?”

“Kitandani.”

“Na nani?”

“Na nani tena? Mke wangu yuko kwa mama yake mwezi huu.” Alinuna zaidi. “Hata hilo nalo ni kosa?”

“Vyuma vya kivuko chako vimepakwa rangi gani?”

“Nyeupe. Nimevipaka juzi. Kwa nini?”

Inspekta alimwamuru asitoke mjini, ingawa mtu mwenye kivuko kimoja na mto mmoja angekwenda wapi?

Kutoka pale alikwenda kwa mjane. Nyumba ilikuwa imejaa wanawake, jamvi limetandikwa, na wote walisogea kumpisha alipovua viatu na kuingia.

“Pole sana, shemeji.”

“Nimeshapoa, shemeji. Karibu.” Macho yake yalikuwa yamevimba. “Mume wangu alikuwa na domo, sikatai. Lakini hakuwa na adui. Kisirani? Ah! Wale wakigombana asubuhi, jioni wanacheza bao.”

“Siku hizi alikuwa na lipi?”

Mjane alifikiri. “Alikuwa halali. Wiki iliyopita alirudi amekasirika, chakula hakukigusa. Akasema, ‘Nimechoka kupeleka watu kwenye uongo.’ Nikamwuliza, uongo upi? Historia unayowasimulia wageni? Akasema, ‘Ya wafalme na majenerali acha. Huu wa watu wadogo ndio unaniua.’ Basi. Hakusema zaidi.”

Uongo wa watu wadogo. Inspekta aliondoka na maneno hayo kichwani, hayajamkaa sawa.

Wa tatu alikuwa Bwana Maua. Alikaa peke yake, chumba kimoja nyuma ya soko, mjini. Walimkuta kitandani amejifunika blanketi mpaka kidevuni. Chumba kilikuwa safi, ndoo ya maji imefunikwa, buti zimepangwa mlangoni, na maua yalikuwa kwenye kopo la maziwa.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba mwanangu. Samahani siwezi kuinuka. Homa imenipiga.”

“Tangu lini?”

“Tangu jana, nilipowaacha pale kaburini. Nikarudi zangu na kivuko cha jioni, nikalala. Leo sijatoka. Nimesikia habari hapa hapa kitandani.” Alijifuta uso. “Maskini Komandoo. Tumefanya kazi pamoja tangu nywele zangu zikiwa nyeusi.”

“Hukusikia chochote alfajiri?”

“Nisikie nini, mwanangu? Nilikuwa nusu mfu. King'ora cha kiwanda kilipolia kule ng'ambo ndipo nikajua kumekucha. Nikameza dawa, nikalala tena.”

“Marehemu alitaka kutuambia jambo, mimi na mama. Unalijua?”

Mzee alitikisa kichwa. “Komandoo alipenda makubwa. Angewaambia kuna hazina ya majeshi.” Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, “Na mama? Bado ana nia ya kuchimba?”

“Bado.”

“Mwambie asubiri, mwanangu. Damu imemwagika pale. Si vizuri kuchimba sasa. Hata mwakani.”

Inspekta alimshukuru, akamtakia afya njema, akatoka. Mkuu wa kituo alisema huyo mzee hata mende humpisha njia. Inspekta alikubali kwa kichwa. Alikuwa anamfikiria Kisirani na vyuma vyake vyeupe.

* * *

Siku ya pili mama aligoma kukaa nyumba ya wageni.

“Nimekuja kwa baba yangu, sikuja kutazama dari,” alisema. “Kama hamnichimbii, basi nitakaa naye.”

Inspekta akavuka naye. Mama alikaa kando ya kile kibao cheupe, akazungumza na baba yake kama wanavyozungumza watu walioachana jana: habari za mvua, za wajukuu, na za mwanawe huyu inspekta, ambaye alichelewa kuoa na bado hajanenepa. Inspekta alisimama pembeni, akijifanya hasikii.

Saa ya zamu ikafika, kiwanda cha mbao kikalia. King'ora kilivuka maji, kikatanda juu ya makaburi.

“Lo!” mama aliziba masikio. “Hicho king'ora cha ng'ambo kitanitoa roho.”

Inspekta aligeuka ghafla. “Umesemaje, mama?”

“Nimesema king'ora. Huna masikio?”

“Cha wapi?”

“Cha ng'ambo! Si kile kiwanda kilichoko mjini? Wewe umepatwa na nini?”

Akili ikamrudia inspekta kwa kishindo. Mtu aliyelala mjini, nyuma ya soko, kama alivyodai Bwana Maua, kiwanda kiko mtaa wa pili kutoka kwake. Hawezi kukiita cha ng'ambo hata awe na homa ya namna gani. Kwake ng'ambo ni huku, kwenye makaburi. Kiwanda kile ni cha ng'ambo kwa mtu mmoja tu: aliyesimama hapa kilipolia.

Ulimi huteleza, ni kweli. Mahakamani wakili angemcheka. Lakini sasa alijua pa kuchimba.

Alimwomba mama arudi mjini na konstebo. Mama alilalamika, akaenda. Inspekta akapiga simu kwa daktari.

“Zile chembe nyeupe. Zidondoshee tindikali.”

“Nimeshafanya hivyo asubuhi, nilikuwa nakutafuta. Zilitoa povu. Si rangi ya mafuta, ni chokaa.”

Kisirani alipaka chuma kwa rangi ya mafuta. Chokaa hupakwa vibao vya makaburi. Kisirani mwenyewe, alipoulizwa pale pale kivukoni kama juzi jioni alimrudisha Bwana Maua, alikuna kichwa muda mrefu.

“Sasa ukiniuliza hivyo, afande... hapana. Alipanda asubuhi. Kurudi sikumwona. Kumbe alilala huko bandani kwake?”

Banda la vifaa lilikuwa nyuma ya miti. Kufuli lilivunjwa mbele ya mkuu wa kituo. Ndani kulikuwa na majembe, mbegu, ndoo ya chokaa na, ikining'inia kwenye msumari, nyundo kubwa ya mbao ya kupigilia vibao. Ilikuwa nyeupe pe, kichwa na mpini, imepakwa upya.

“Nani hupaka nyundo chokaa?” inspekta aliuliza.

Mkuu wa kituo alisogea karibu. Upande mmoja wa nyundo, doa la kahawia lilikuwa limeanza kujitokeza kupitia ule weupe. Inspekta aliifunga kwenye mfuko wa ushahidi bila kuigusa kwa mkono.

Bado hakujua kwa nini. Alirudi kaburini peke yake. Alipiga magoti mbele ya kibao cha babu yake, akakitazama. Uongo wa watu wadogo. Akatoa kisu kidogo, akalowanisha mbao, akaanza kukwangua jina la babu yake polepole. Chokaa ilibanduka tabaka kwa tabaka. Chini ya jina la babu palikuwa na jina jingine. Chini ya hilo, jingine. Alipolifikia la nne aliacha kukwangua, akakaa chini kwenye majani.

* * *

“Homa imeshuka, mzee?”

“Kidogo, mwanangu.”

Walikuwa kituoni, kwenye chumba chenye meza moja na feni mbovu. Bwana Maua alikuwa ameonywa kwamba lolote atakalosema laweza kutumika kama ushahidi. Alikuwa ameitikia kwa upole, kama anaelekezwa njia.

“King'ora cha kiwanda. Ulikisikia wapi?”

“Chumbani.”

“Kiwanda kiko wapi?”

“Ng'am...” Alitazama dirishani, mahali ambapo moshi wa kiwanda ulionekana mtaa wa pili. Kisha akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. “Ndiyo uzee huo. Miaka yote nakisikia nikiwa kule. Nimezoea.”

“Kisirani hakukurudisha jioni.”

Mzee alianza kufuta meza kwa kiganja.

“Nyundo tunayo. Damu imejitokeza juu ya chokaa. Na kibao cha babu yangu nimekikwangua.”

Hapo ndipo mzee alipovunjika. Hakusikitikia nyundo wala damu. Alisikitikia kibao. Aliweka paji la uso juu ya meza akalia kwa sauti, na mkuu wa kituo akatazama ukutani.

“Mama anajua?” aliuliza alipopata pumzi.

“Bado. Nieleze.”

“Pale hakuna jina hata moja, mwanangu. Hata moja! Waliwafukia kwa haraka, yeyote na yeyote. Mimi nilipoajiriwa nilikuta milima ya udongo tu. Akaja mama mmoja, mzee sana, anamtafuta mwanawe. Alizunguka makaburi yote, moja moja, akiinama. Nikamwambia hakuna majina. Hakuondoka. Jua likamwakia, mvua ikamnyeshea, anazunguka. Nikashindwa. Nikamwambia, ‘Mama, nimekumbuka, ni huyu hapa.’ Ungemwona! Alilala pale juu, akaimba. Akaondoka amekuwa mtu mpya. Nami nikajua siwezi tena kumwambia mtu hapana.”

“Kwa hiyo kila anayekuja...”

“Nauliza jina, nawapa maji, nakwenda kuandika. Sikuchukua chochote cha mtu, Mungu shahidi. Wanakuja wanalia, wanakwenda zao. Hakuna aliyewahi kutaka kuchimba. Mama yako ndiye wa kwanza.”

“Na Komandoo?”

“Wiki ile familia mbili zilikutana kwenye kaburi moja. Mmoja wa familia ya kwanza alirudi kuchukua mwavuli aliousahau, akakuta jina la mwingine. Komandoo aliwatuliza, lakini akanishika. Akasema niache, nami nikaapa nimeacha. Halafu mkaja ninyi. Alipoona kibao, na kusikia habari za kuchimba...” Alimeza mate. “Alisema atawaonyesha asubuhi, nami nikalala bandani ili nimuwahi. Nilimpigia magoti, mwanangu. Nikamwambia, mwache mama achukue mfupa wowote, ataujuaje? Akanijibu, ‘Unataka akamzike mgeni kifuani kwa mama yake?’ Akanigeuzia mgongo. Nyundo nilikuwa nayo mkononi. King'ora kikalia. Sikujua nimefanya nini mpaka nilipomwona chini.”

“Ulimwua ili mama yangu asijue?”

“Ili wote wasijue. Wote waliokuja miaka yote. Kama mmoja ni uongo, wote ni uongo. Wangerudi kunitazama usoni.” Aliinua macho mekundu. “Usimwambie, afande. Mimi ninyongeni tu. Lakini yeye mwache na baba yake.”

Inspekta alisaini maelezo, akatoka bila kuaga.

* * *

Mama alikuwa ameketi kwenye ukumbi wa nyumba ya wageni, mkoba mapajani.

“Umemkamata?”

“Nimemkamata. Bwana Maua.”

“Yule mzee!” Alishika kifua. “Kwa nini, jamani?”

Inspekta alikaa kando yake. Alikuwa amehoji wauaji, wezi, na wanasiasa. Wote aliwajua kwa namna walivyovuta pumzi kabla ya kudanganya. Sasa alijisikia yeye mwenyewe akivuta pumzi hiyo hiyo. Ugomvi wa kazi, mama. Wivu tu. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, matamu, na kesho wangechimba, na mama angekwenda zake akicheka.

Aliogopa jinsi ilivyokuwa rahisi.

“Mama,” alisema, “pale kaburini hatujui amelala nani. Mzee ndiye aliyeandika lile jina, baada ya kutuuliza. Babu yumo mle makaburini, lakini hakuna anayejua wapi. Hatutampata.”

Mama hakulia. Mhudumu alikuja na chai, akaona, akarudi nayo. Mikono ya mama ilikuwa inaukunja na kuukunjua ukanda wa mkoba.

“Nimemwambia mambo yote yale,” alisema mwishowe. “Ya wajukuu. Ya mama, alivyokufa akimwita. Nilikuwa namwambia nani?”

“Sijui, mama.”

“Na huyu aliyeuawa? Yeye alituitia nini?”

“Kukuambia hili hili. Hakutaka umzike mgeni kando ya bibi.”

Mama alifunga mkoba. Akainuka, kwa taabu, akishika bega la mwanawe, akajifunga mtandio vizuri kichwani.

“Ana watu?”

“Ana mke. Wanamzika leo alasiri.”

“Basi nipeleke,” mama alisema. “Huyu tunamjua ni nani, na tunajua analazwa wapi. Twende tukamzike.”